Pijo na Mafundi Wake

Pasaka ya mwaka 1963 ilikuja na mvua kubwa Afrika Mashariki. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyokuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, yaligeuka vita vya matope. Magari yalizama, yakavunjika ekseli, yakatoboka rejeta, yakaachwa kando ya njia. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyefanya makazi yake Kenya, na mwenzake Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, nao walikuwa ndani ya 404. Mwaka 1968 mvua ilirudi vilevile, magari saba yakamaliza vilevile, na Nowicki na Cliff wakashinda tena. Katika miaka sita, gari la aina moja lilikuwa limetwaa Safari mara nne.

Matokeo hayo yalisomwa kwa makini na watu ambao hawakuwa na haja yoyote ya mashindano. Mfanyabiashara wa mazao aliyetaka kutoka shambani hadi mjini masika, daktari wa wilaya, mwalimu mkuu, mwenye teksi: wote walikuwa wakitafuta gari litakalostahimili barabara walizokuwa nazo. Sehemu kubwa ya barabara kuu za wakati ule ilikuwa ya changarawe na udongo mweusi, ambao kiangazi hupasuka na masika hunata hadi kufunga magurudumu. Peugeot ikawa jibu lao, na kwa miaka thelathini na zaidi iliyofuata, watu wakiiita Pijo, ikawa gari la familia, la ofisi ya serikali na la abiria.

Sifa hiyo ya kutokufa imezungumzwa sana, na mara nyingi hupewa chuma cha Ufaransa peke yake. Chuma kina haki yake. Lakini Pijo ilikuwa ikiharibika kama gari jingine lolote. Iliendelea kutembea kwa sababu ilifunguka, na kwa sababu kila mji ulikuwa na mtu aliyejua kuifungua na kuifunga. Historia ya gari hili Afrika Mashariki ni historia ya mafundi, na anayenunua 404 au 504 leo kwa mara ya kwanza, akiwa hajui plagi wala pointi, anaingia katika historia hiyo apende asipende.

Safari yenyewe ilianza mwaka 1953, ikiwa sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Kanuni zake za mwanzo ndizo zilizoyapa matokeo uzito sokoni. Magari yaligawanywa kwa madaraja kufuata bei ya dukani, na yalitakiwa yawe karibu sawa na yale aliyoweza kuyanunua raia wa kawaida. Aliyeona 404 ikivuka tope la kwao alijua kwamba akienda kwa wakala na fedha zake atapata gari lililo ndugu wa lile.

Mwaka 1965 ulionyesha jambo jingine. Safari ya mwaka huo ilishindwa na Joginder Singh akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika katika Safari iliyotangulia, ikapata ajali, kisha ndugu hao wakaichukua na kuitengeneza. Joginder alizaliwa Kericho, akakulia katika kazi ya gereji ya baba yake. Ushindi wa dereva aliyekuwa fundi, kwa gari la mtumba alilolifufua kwa mikono yake, ulieleweka mara moja na kila aliyewahi kushika spana katika nchi hizi.

Peugeot 404 ilizinduliwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya silinda nne, yenye sentimita za ujazo 1618, ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe ya chini. Gari lilisimama juu ya magurudumu ya inchi 15, springi zake zikiwa ndefu na laini, hivyo gurudumu liliweza kushuka ndani ya shimo na kupanda tena bila bodi kupata kishindo kikubwa. Injini ilipokataa kuwaka kwa betri, palikuwa na tundu la kuingizia hendeli na kuizungusha kwa mkono. Boneti ikifunguliwa, karibu kila kitu kinachohitaji matunzo kilionekana kwa macho na kufikiwa kwa spana ya kawaida.

Mwaka 1968 ikaja 504, iliyochaguliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969. Injini yake ilianza na sentimita za ujazo 1796, baadaye 1971. Nayo ilitwaa Safari mara mbili: mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa. Lakini aina ya 504 iliyobadilisha maisha ya watu wengi zaidi haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ile ndefu ya mizigo na familia, yenye safu tatu za viti. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulifika mita 2.90, na ekseli ya nyuma ilibebwa na springi nne za kuzunguka, mbili kila upande. Kiwandani ilihesabiwa kuwa gari la watu saba. Katika stendi za Kenya hesabu hiyo haikuheshimiwa sana.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni maalumu ya usafirishaji. Biashara iliyokuwa ikifanywa kwa kujificha ikatoka hadharani. Pikapu za Peugeot zilifungwa turubai na mabenchi mawili ya kutazamana, zikahudumia njia za vijijini. Zile ndefu za safu tatu zikawa magari ya safari za mbali, kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu na miji mingine ya bara. Kwa msafiri wa miaka hiyo, kusema amepanda Pijo kulimaanisha amelipa zaidi kidogo kuliko nauli ya basi, na atafika mapema.

Wakati huohuo Kenya ilikuwa ikijenga viwanda vyake vya kuunganisha magari: Thika, Nairobi na Mombasa. Sehemu za Peugeot 504 zilifika bandarini zikiwa katika makasha, zikaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa kwa mafundi. Gari likiunganishwa karibu, spea zake huwepo, vitabu vyake vya ufundi huwepo, na vijana waliofunga nati zake mstari mzima kiwandani hatimaye hutoka na kufungua gereji zao. Uunganishaji wa 504 Kenya uliendelea hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuiunda.

Ufundi wenyewe ulikuwa na mizizi ya zamani zaidi ya Pijo. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, wakiwamo Kalasinga waliokuwa wahunzi, maseremala na mafundi wa mitambo. Karakana za reli na baadaye gereji za Wahindi zikawa shule za kwanza za ufundi wa magari katika miji mingi. Vita Kuu ya Pili ikaongeza shule nyingine. Jeshi la Afrika Mashariki liliwafundisha Waafrika wengi kuendesha malori na kuyatengeneza, kuanzia Ethiopia hadi Burma, na vita vilipokwisha wakarudi nyumbani wakiwa na ujuzi ambao serikali ya kikoloni haikuwa imepanga kuwapa.

Njia ya kujifunza ilikuwa moja karibu kila mahali. Kijana aliingia gereji akiwa saidia fundi. Alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kumpa fundi spana, huku akijifunza namba zake kwa kuzishika. Baada ya miezi aliruhusiwa kubadilisha breki, baada ya miaka kufungua giaboksi. Hakuna aliyemsomea somo. Alitazama mikono ya fundi na kusikiliza injini. Mtafiti Kenneth King, aliyeandika juu ya mafundi wa Kenya katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi ujuzi huo ulivyopita kutoka karakana za Waasia hadi kwa vijana wa Kiafrika, kisha ukasambaa kutoka kijana hadi kijana nje kabisa ya vyuo vya serikali.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaambia wakubwa kile ambacho mwenye gari bovu alikijua zamani: kwamba watu hawa wasio na leseni wala paa walikuwa wakizalisha, wakifundisha na kuajiri. Kwa kuwa walifanya kazi juani, waliitwa jua kali. Jijini Nairobi makao yao makuu kwa upande wa magari yalikuwa Barabara ya Grogan, ambayo leo ni Barabara ya Kirinyaga, pamoja na viwanja vya kandokando yake. Huko mtu alipata rejeta, kioo, mlango wa kushoto, au fundi wa kufunga vyote vitatu kabla jua halijazama. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada ya hapo wakajengewa mabanda. Kampala nayo ilikuwa na soko la Kisekka, na Dar es Salaam ilikuwa na Gerezani na Ilala.

Tanzania ndiko ujuzi huo ulikojaribiwa kwa ukali zaidi. Bei ya mafuta ilipanda ghafla baada ya 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu kiasi kwamba kuagiza gasketi kulihitaji kibali. Magari hayakuweza kubadilishwa, kwa hiyo yalilazimika kutengenezwa. Fundi kerezo akawa mtu muhimu kuliko muuza spea: alichonga bushi kwa shaba chakavu, akajaza chuma kwenye shafti iliyolika kisha akaikereza hadi kipimo chake. Raba za breki zilikatwa kutoka kwenye vipande vya raba nyingine. Springi ya gari moja ilifungwa katika gari jingine. Pijo mbili zilizokufa zilizaa moja inayotembea, na mwenye ile ya tatu alijua ni mlango wa nani aende kubisha akihitaji stata.

Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki, na ni vibaya kuipamba. Breki iliyotengenezwa kwa kubahatisha iliweza kuua, na iliua. Lakini ni katika miaka hiyo ambapo mafundi walilielewa gari lile hadi undani wake, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, spea zilianza kurudi madukani.

Ukitaka kuona ujuzi huo ulivyo, tazama kazi moja tu: kufungua hedi ya 504 iliyochemsha.

Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kumimina, hedi ni ya aluminiamu. Ndani ya bloku, pistoni hazitembei katika matundu yaliyotobolewa ndani ya chuma chenyewe. Kila moja hutembea ndani ya slivu yake, mrija wa chuma unaochomekwa kutoka juu na kuzungukwa na maji ya rejeta pande zote. Chini ya kila slivu pana gasketi nyembamba inayozuia maji yasiingie katika mafuta. Muundo huu ulikuwa baraka kwa Afrika. Silinda zikilika, hakuna haja ya kupeleka bloku nzima mashineni. Fundi huchomoa slivu nne na pistoni zake, akatia nyingine mpya, na injini inaanza maisha upya, hata chini ya mwembe.

Baraka hiyo ina sharti. Maji yakipungua na injini ikachemka, aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma, hedi hupinda, gasketi huungua, na maji hupenya. Dalili ya kwanza huonekana kwenye kifuniko cha kujazia mafuta, ambapo oili hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Fundi mzuri hulegeza bolti za hedi injini ikiwa imepoa kabisa, kwa mpangilio maalumu na kidogokidogo. Hedi ikishatoka, hamruhusu mtu yeyote kuzungusha injini kabla slivu hazijabanwa kwa vyuma na bolti. Pistoni ikipanda inaweza kuinua slivu kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, gasketi ya chini ikasogea, na mwenye gari akarudi baada ya wiki mbili na tatizo lilelile.

Kisha huja kupima. Ncha ya juu ya kila slivu lazima ijitokeze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na zote nne zilingane, ili hedi ikikazwa izibane sawasawa. Gasketi za chini huja kwa unene tofauti kwa sababu hiyo. Mzee aliyeifanya kazi hii mara nyingi hupitisha ncha ya kidole ukingoni mwa slivu na kusema ipi iko chini. Halafu hutwaa rula ya chuma na fila kuhakikisha, kwa sababu anajua kidole nacho hukosea. Mwisho hufunga bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Asiye na spana hiyo akakaza kwa hisia ya bega, amecheza kamari na hedi ya mtu.

Zama hizo zilififia taratibu katika miaka ya 1990. Masoko yalipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yalimiminika Mombasa na Dar es Salaam kwa bei ambayo gari jipya la kuunganishwa nchini halikuweza kushindana nayo. Hiace na Nissan zikachukua njia za Pijo katika usafiri wa abiria, kwa kuwa zilibeba watu wengi zaidi kwa lita ileile ya mafuta. Katika mashindano pia upepo ulikuwa umegeuka: Ove Andersson, aliyeshinda Safari na Peugeot mwaka 1975, ndiye aliyekuja kuongoza timu ya Toyota iliyoitwaa Safari miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1986. Peugeot ilirudi kuunganishwa Kenya mwaka 2017, mjini Thika, lakini magari hayo ni ya zama nyingine, yenye kompyuta inayotawala injini.

Mafundi walifuata magari. Kijana anayeingia gereji leo hujifunza kusoma hitilafu kwa mashine ya kuchomeka chini ya dashibodi, na ana haki, kwa kuwa ndiyo kazi iliyopo. Wanaojua kabureta ya Solex kwa kuisikia ni wazee, na idadi yao haiongezeki.

Ndipo anapoingia mmiliki mpya wa gari la zamani. Mara nyingi ni mtoto au mjukuu wa aliyekuwa nalo. Gari limekaa nyuma ya nyumba miaka kumi, kuku wamelala ndani yake, kadi ya gari ipo kabatini. Au ni mtu aliyeiona 504 nyeupe ikiuzwa Nyeri au Moshi, moyo ukamwenda. Ana mapenzi na ana simu yenye picha nyingi. Hajui aanzie wapi. Wengi huanzia kwenye rangi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Rangi mpya juu ya bati lililoliwa na kutu hudumu msimu mmoja, na gari linalong'aa bila breki ni hatari kuliko lililochakaa likiwa nazo.

Mafundi waliolea Pijo wana mpangilio wao, na mpangilio huo una sababu. Kwanza ni breki. Mipira ya breki iliyokaa miaka huvimba kwa ndani; mguu unakanyaga, mafuta yanakwenda, lakini hayarudi, na gurudumu hubaki limeshikwa. Hubadilishwa yote, pamoja na raba za masta silinda, bila kujadiliana. Pili ni mipira ya petroli na tanki. Petroli ya zamani huacha gundi na kutu huanguka chini ya tanki; mpira uliokauka juu ya injini ya moto huchoma gari zima. Tatu ni maji. Rejeta hutolewa na kuzibuliwa, bomba zote hubadilishwa, na mfumo hujazwa maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, maana maji ya kisima huacha chokaa na kuila aluminiamu ya hedi. Hapa mwenye gari asikubali mazoea yaliyoenea katika gereji nyingi ya kuitupa themostati kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta mengi na kulika mapema.

Baada ya hayo ndipo umeme wa kuwasha. Hii ndiyo kazi ambayo mgeni wa ufundi anaweza kuifanya mwenyewe, akisimamiwa mara ya kwanza. Kifuniko cha distribyuta hufunguliwa kwa vibanio viwili. Ndani yake pana pointi, vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kila shafti inapozunguka. Vikiachana, koili hutoa cheche inayokwenda kwenye plagi. Injini huzungushwa polepole kwa mkono hadi pointi zifunguke kikamilifu, fila ya karibu milimita 0.4 hupitishwa katikati, na skrubu hukazwa fila ikiwa inateleza kwa kugusa kidogo tu. Nafasi ikiwa kubwa au ndogo mno, gari huwaka kwa shida, huvuta vibaya mlimani na kupiga risasi kwenye ekzosi. Kazi nzima haichukui nusu saa, na aliyeifanya kwa mikono yake hubadilika: siku gari likizima njiani anajua pa kutazama kwanza.

Kazi nyingine aachiwe fundi. Klachi ya 504 ni mfano. Shafti ya kwenda nyuma imefunikwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwenye giaboksi, kwa hiyo ili kuishusha giaboksi ni lazima sehemu ya nyuma isogezwe, au injini itolewe. Asiyeijua huanza asubuhi akidhani atamaliza adhuhuri.

Kutu nayo hutegemea gari limeishi wapi. Lililokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam limepumua chumvi ya bahari, na bati huliwa kutoka ndani ya vizingiti vya milango, sakafuni na mahali shokapu za mbele zinapofungwa. Lililokaa Nakuru au Iringa huwa na bodi nzima zaidi. Kabla ya kununua, mwenye busara huinua mazulia, hugonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza sauti. Injini ya Pijo huweza kufufuliwa karibu kila wakati. Bodi iliyooza huweza kugharimu kuliko gari.

Mapenzi haya hayana upweke. Jijini Nairobi maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri, Concours d'Elegance, yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1970, na waamuzi wake hukagua hadi chini ya gari na ndani ya boneti. Mwaka 2003 ilianzishwa Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yanayopita tena katika vumbi la Afrika Mashariki. Huko magari yenye umri wa nusu karne huendeshwa kwa nguvu siku nyingi mfululizo, na kila jioni mafundi huyafungua chini ya taa na kuyafunga kabla ya alfajiri. Ni kazi ileile iliyofanywa mwaka 1963.

Kinachokosekana ni daraja kati ya wazee wale na vijana. Kenya na Tanzania zina mitihani ya ufundi inayomwezesha kijana aliyejifunza gereji kupata cheti cha serikali kwa ujuzi wake bila kupita chuoni. Mitihani hiyo hupima yale yanayohitajika sasa, na hakuna anayelazimika kujua kupima urefu wa slivu ya 504. Kazi hiyo imebaki kwa wenye magari. Wapo wanaoifanya vizuri: mwenye gari humleta kijana pamoja na gari, analipa siku zake za kazi juu ya malipo ya mzee, na kumwomba mzee amwache kijana afunge bolti za mwisho mwenyewe. Huandika katika daftari la gari unene wa gasketi uliotumika, nafasi ya pointi na ya tapeti, jeti zilizomo ndani ya kabureta, tarehe na kilomita. Huhifadhi kipuri kilichotolewa, hata kilicholika, ili fundi kerezo awe na mfano wa kupimia. Pijo za namna hiyo zikiuzwa, daftari, kipuri na namba ya simu ya kijana huyo huenda pamoja na ufunguo.